Dawa Haikufika: Mjadala juu ya Kuotesha Upya Neva za Ubongo

Mwaka 2018 jarida la JAMA Neurology la Marekani lilichapisha matokeo ambayo wengi waliyasoma kama tanzia. Wagonjwa 49 wa Alzheimer walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kichwa katika vituo 10 vya nchi hiyo. Baadhi yao walidungwa ubongoni jeni ya kutengeneza NGF, kichocheo kinachozifanya seli za neva zichipue na zisife. Wengine hawakudungwa kitu. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa yameporomoka sawasawa. Mwenye wazo alikuwa Mark Tuszynski, daktari wa neva na mtafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ambaye kwa miongo kadhaa ametafuta njia ya kuotesha upya neva zilizokatika katika ugwe mgongo na zile zinazokufa katika ubongo. Hakuacha. Mwaka 2021 likatangazwa jaribio jingine, kwa kichocheo kingine.

Je, aliyeshindwa hadharani namna hiyo ana haki ya kurudi kwenye fuvu la mgonjwa? Swali hili nimelipa sauti mbili. Moja ni ya shangazi, muuguzi mstaafu wa Tanga, aliyemuuguza mama yake kwa ugonjwa wa kusahau mpaka akamzika. Ya pili ni ya mpwa wake, anayesomea shahada ya uzamili ya sayansi ya ubongo. Wahusika nimewabuni, mambo wanayobishania sikuyabuni. Mimi nitaingilia pale kimya kitakaponishinda.

SHANGAZI: Mwanangu, mimi sina ugomvi na elimu. Nimevaa sare nyeupe mpaka nikastaafu nayo, najua sindano inaokoa. Ninachouliza ni kimoja. Mtu amepasua vichwa vya watu, dawa haikufanya kazi, kisha anasema nileteeni vichwa vingine. Huyo tumwiteje?

MPWA: Mtafiti, shangazi. Ila ukianzia mwaka 2018 utaona kiburi peke yake. Anzia kwa Cajal. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Nobel mwaka 1906, ndiye aliyetuonyesha kwamba ubongo umejengwa kwa seli zilizojitenga, kila moja na matawi yake. Na ni yeye huyo aliyetangaza kwamba ndani ya ubongo na ugwe mgongo wa mtu mzima, neva ikishakatika, basi. Neva ya mkono ikikatwa huota, kiasi cha milimita moja kwa siku. Ya ugwe mgongo hujaribu kidogo, hugota, hufa. Kauli ya mkubwa ikawa sheria. Ikaja kutikiswa hasa mwaka 1981 kule Montreal, ambapo Samuel David na Albert Aguayo walichukua kipande cha neva ya kawaida ya mwili, ya panya, wakakifanya daraja kati ya shina la ubongo na ugwe mgongo. Nyuzi za neva zikaota ndani ya daraja lile kama sentimita tatu hivi. Kumbe seli zenyewe zina uwezo. Kinachozizuia ni mahali zilipo.

SHANGAZI: Panya.

MPWA: Panya, ndiyo.

SHANGAZI: Endelea. Hapo nimeweka alama.

MPWA: Sasa mtazame Rita Levi-Montalcini, Myahudi wa Torino. Sheria za ubaguzi za Mussolini za mwaka 1938 zilimfungia milango ya chuo, akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akawa anachunguza viinitete vya kuku huku vita vinaendelea nje. Baadaye akaitwa St. Louis, Marekani, na huko katika miaka ya 1950 yeye na Stanley Cohen wakakifikia kichocheo kinachozifanya neva changa zichipue. Walikikuta kwa wingi katika sumu ya nyoka, kisha katika tezi za mate za panya dume. Hiyo ndiyo NGF. Wakapewa Nobel mwaka 1986.

SHANGAZI: Sumu ya nyoka na mate ya panya. Halafu mnawacheka waganga wa kienyeji.

MPWA: Tunawacheka wasiopima, shangazi.

SHANGAZI: Haya. Na kusahau kunaingiaje?

MPWA: Chini ya ubongo, upande wa mbele, kuna kundi la seli zinazotengeneza asetilkolini, kemikali ambayo umakini na kumbukumbu vinaitegemea. Alzheimer huziua seli hizo. Donepezili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, huchelewesha kuvunjwa kwa hiyo asetilkolini, lakini seli inaziacha zife. NGF inaziokoa zenyewe. Hilo limeonyeshwa kwa panya, likaonyeshwa kwa nyani.

SHANGAZI: Hiyo donepezili naijua. Bibi yako alipewa. Alitulia kidogo, kisha ugonjwa ukaendelea na safari yake. Lakini kama hiyo NGF ni nzuri hivyo, kwa nini mgonjwa asidungwe mkononi kama chanjo, mpaka atobolewe kichwa?

MPWA: Molekuli yake ni kubwa, haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Waswidi wa Karolinska waliwatilia wagonjwa watatu NGF kwenye maji ya ubongo moja kwa moja. Wakapata maumivu ya mgongo, wakakonda, ikabidi waache. NGF ikizigusa neva za maumivu inaziamsha. Kuna kampuni zilizotengeneza dawa ya kuizuia, ili kutuliza maumivu ya viungo.

SHANGAZI: Kwa hiyo kitu hicho hicho hapa ni dawa, pale ni mateso. Inategemea kimetua wapi.

MPWA: Umesema neno ambalo litaturudia. Tuszynski naye aliliona: NGF lazima itue mahali pamoja na isitoke hapo. Aprili 2001 timu yake ikaanza. Walichukua seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wakazitia jeni ya NGF, wakazipandikiza kwa sindano ndefu jirani na zile seli zinazokufa. Watu wanane.

SHANGAZI: Sema yaliyowapata.

MPWA: Walipewa usingizi hafifu tu. Wawili wakatikisika mezani, wakavuja damu ubongoni. Mmoja wao akafariki wiki tano baadaye. Waliofuata wakapewa usingizi kamili.

SHANGAZI: Mgonjwa wa kusahau! Mtu anayepigana nawe ukimvua koti, maana hajui wewe ni nani, unamlaza mezani akiwa nusu macho, unamtia sindano ndani ya ubongo, halafu unashangaa ametikisika? Muuguzi yeyote wa wodi ya wazee angewaambia. Hapakuwa na wa kuulizwa?

MPWA: Kwa hilo siwatetei. Ninachosema ni kwamba hawakuficha. Ripoti yao ya mwaka 2005 imeandika yote, na ubongo wa yule aliyefariki ulionyesha nyuzi zimechipua kuelekea palipokuwa na NGF. Kwa waliobaki, kasi ya kuporomoka ilionekana kupungua.

SHANGAZI: Ilionekana! Watu sita, bila kundi la kulinganisha, na kila aliyemo chumbani anaomba Mungu ifanye kazi. Daktari anaomba, mke wa mgonjwa anaomba. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza, "Mzee anaendeleaje?" atakujibu, "Leo afadhali." Nimeyasikia maneno hayo kando ya vitanda vya watu waliokufa kesho yake.

Hapa naingilia. Shangazi ameeleza, bila kutumia istilahi hata moja, sababu iliyofanya lile jaribio la 49 liwe na kundi lisilodungwa kitu. Magazeti ya Marekani yaliyokuwa yakishangilia matokeo ya watu sita hayakuwa na subira ya kulieleza hilo. Matumaini hupandisha alama za mtihani wa kumbukumbu kwa miezi kadhaa, ya mgonjwa na ya anayemjibia pia. Bila kundi la kulinganisha, huwezi kuyatenganisha matumaini na dawa.

SHANGAZI: Mwandishi asinitumie kama fimbo ya kumpigia mwingine. Nisikilizwe mpaka mwisho. Hilo kundi la pili, walifanywaje?

MPWA: Walifanyiwa upasuaji wa kuigiza. Mgonjwa anaandaliwa kama mwenzake, anaingizwa chumba cha upasuaji, kichwa kinashughulikiwa, anatoka na bandeji. Ndani ya ubongo hakuna kilichoingizwa. Yeye hajui, familia haijui, na anayempima kumbukumbu baadaye hajui.

SHANGAZI: Mwanangu, umesikia ulichokisema?

MPWA: Nimesikia. Na walikubali kabla, kwa sahihi. Waliambiwa wanaweza kuangukia kundi lolote.

SHANGAZI: Sahihi ya mtu anayesahau.

MPWA: Walikuwa hatua za mwanzo hadi za kati za ugonjwa, shangazi, wenye akili ya kuamua, na ndugu wapo. Nikuulize na mimi. Bila lile kundi, leo tungekuwa wapi? Tungekuwa na ripoti ya wagonjwa walioonekana afadhali. Hospitali za kibinafsi duniani zingekuwa zinauza upasuaji huo kwa wenye nyumba za kuuza. Wagonjwa wale wachache walitobolewa ili maelfu wasitobolewe bure. Unanichukia kwa kusema hivyo?

SHANGAZI: Sikuchukii. Nakuonea huruma kwamba unaweza kulisema bila sauti kutetemeka. Lakini ni kweli. Nalikubali kwa shingo upande.

Nami nalikubali, na shingo yangu haiendi upande. Upasuaji wa kuigiza unatisha kuusimulia, lakini ndiyo sehemu ya utafiti huu iliyomheshimu mgonjwa wa kesho kuliko zote. Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine, na mpwa anakifikia sasa.

MPWA: Mwaka 2020 Tuszynski na wenzake wakachapisha uchunguzi wa bongo za washiriki waliokwisha kufariki. Virusi vilivyobeba jeni viliingia, maana safari hii hawakutumia seli za ngozi, walitumia virusi vilivyoondolewa madhara. Jeni ilifanya kazi, NGF ilitengenezwa. Lakini haikusambaa kama walivyotarajia, na haikuzifikia zile seli zilizolengwa. Si kwa mmoja. Hakuna hata mmoja kati ya waliochunguzwa ambaye dawa ilimfika inavyotakiwa.

SHANGAZI: Walikosa shabaha?

MPWA: Ni kama kufungulia maji ya mfereji usiku kucha, asubuhi ukakuta yameishia kwenye shamba la jirani. Migomba yako imekauka. Utasema maji hayafai kwa migomba? Walilenga kwa picha zilizopigwa kabla, bila kuiona dawa inavyoingia. Umbali wenyewe ni mdogo mno kwa macho, ila kwa seli ni safari isiyofika.

SHANGAZI: Kwa hiyo watu 49 walitobolewa, na swali halikuulizwa kabisa.

MPWA: Ndiyo.

SHANGAZI: Na mliligundua baada ya kufa kwao.

MPWA: Ndiyo. Kwa sababu familia zilikubali ubongo utolewe. Bila wao, kila mtu leo angesema NGF imejaribiwa ikashindwa, mlango ungefungwa, na ungefungwa kwa uongo. Na kuna ushahidi kwamba pale inapofika inafanya kazi. Mwaka 2018 huo huo, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha NGF kama dawa ya matone ya macho, kwa watu ambao neva za kioo cha jicho zimekufa mpaka jicho linapata vidonda. Tone linaanguka palepale penye shida. Vidonda vinapona.

SHANGAZI: Jicho nakupa. Lakini jicho halimkumbuki mtu. Nami nimesoma, usidhani nimekuja mikono mitupu. Mwaka 2015 walichapisha habari za bongo 10, za wagonjwa wa majaribio ya mwanzo. Zote zilionyesha seli zimeitikia NGF, nyuzi zimechipua. Mmoja alikuwa ameishi miaka 10 baada ya upasuaji. Wakafurahi. Mimi nikajiuliza: huyo aliyeishi miaka 10, alikufa akiwa anawajua wanawe? Nyuzi zimechipua, sawa, na ugonjwa ukaendelea kumla. Mmeonyesha kuchipua. Kukumbuka hamjakuonyesha.

MPWA: Hilo ndilo pigo lako zito kuliko yote, wala sitajifanya halijaniingia. Neva ikiota, lazima ijue inakokwenda, ishikane na seli sahihi, ipeleke ujumbe ulio sahihi. Na kichocheo kikitua ovyo, kama ulivyoona kwa wale wa Uswidi, kinaleta maumivu. Na NGF inaokoa kundi moja tu la seli, huku Alzheimer inaunguza ubongo karibu wote. Ndiyo sababu jaribio la 2021 limebadilisha kichocheo na limebadilisha mahali. Wanatumia BDNF, ambayo Yves-Alain Barde na Hans Thoenen waliitenga mwaka 1982 kutoka kwenye ubongo wa nguruwe...

SHANGAZI: Astaghfirullah. Kutoka panya tumefika kwa nguruwe.

MPWA: Ilitengwa huko tu. Jeni inayotumika kwa mtu ni ya binadamu. BDNF inazishughulikia seli za eneo ambalo kumbukumbu mpya hupitia kabla ya kuhifadhiwa, eneo ambalo Alzheimer hulishambulia mapema. Na safari hii mgonjwa analala ndani ya mashine ya MRI wakati dawa inaingia, daktari anaiona inakosambaa. Walipanga watu 12.

SHANGAZI: Kwa hiyo walijifunza.

MPWA: Kutoka kwa waliokufa, shangazi.

SHANGAZI: Basi nije kwenye fedha, maana hapo nitakubana. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ikasema yakishughulikiwa yote, karibu asilimia 45 ya ugonjwa wa kusahau duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Hayo mambo unayajua? Presha. Kisukari. Sigara. Masikio yaliyoziba. Macho yasiyotibiwa. Shule ya utotoni. Upweke. Na kule Ibadan, Nigeria, waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba wakawalinganisha na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Matokeo ya mwaka 2001 yakaonyesha wa Ibadan wanapata Alzheimer kwa kiwango kisichofika nusu ya cha wenzao. Damu za asili moja, maisha tofauti. Sasa wewe unaniletea mashine ya MRI na daktari bingwa na virusi, kwa watu 12. Mimi nakuambia mpime mzee presha, mtoe mtoto wa jicho, mtafutie kifaa cha kusikia, mkalishe na watu wazungumze.

MPWA: Yote ni kweli. Na bibi?

SHANGAZI: Bibi yupi?

MPWA: Bibi aliyekwisha kuugua. Asilimia 45 inamhusu ambaye hajaugua. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 wenye ugonjwa wa kusahau kwa mwaka 2021, zaidi ya nusu yao katika nchi kama yetu. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba, wakakuta asilimia 6.4 ya wenye umri wa miaka 70 na zaidi wanao. Hawa utawapima presha uwaambie nini? Lecanemab, dawa mpya inayosafisha uchafu wa amiloidi, imepunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 katika miezi 18, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 26,500 kwa mwaka. Inapunguza mwendo, seli iliyokufa hairudishi. Wanaojaribu kurudisha seli au kuziokoa ni wachache, na mmoja wao unataka anyang'anywe sindano.

SHANGAZI: Sikusema anyang'anywe. Nimesema aulizwe. Nilipokuwa namuuguza mama, usiku alikuwa anatoka nje akimwita baba yangu, na baba alikwisha kufa zamani. Siku moja alitoka bila nguo. Majirani hawakusema seli zimekufa. Walisema mama anawanga. Tulimficha, mwanangu, si kwa aibu, kwa kuogopa atapigwa mawe. Kama mtu angenijia wakati huo akaniambia kuna sindano ya kichwa inayorudisha kumbukumbu, ningeuza shamba. Ndiyo maana naogopa hizi habari za neva zinazoota. Wanaozisoma si watafiti. Ni watu kama mimi wa wakati ule, na mkononi wana hati ya shamba.

Mpwa hakujibu hapo, nami sikumwandikia jibu. Hoja ya shangazi haimgusi Tuszynski peke yake. Inatugusa sisi waandishi, ambao mwaka 2005 tulitangaza sita walioonekana afadhali, mwaka 2018 tukatangaza 49 ambao haikuwasaidia, na mwaka 2020, habari iliyofafanua zote mbili ilipotoka, tukawa tumehamia kwingine.

Basi hukumu yangu ni hii. Tuszynski ana haki ya kurudi, kwa sababu alirudi na kitu ambacho hakuwa nacho mara ya kwanza: njia ya kuiona dawa ikifika, na uso wa kuchapisha kwamba mara ya kwanza haikufika. Bodi za maadili zisikubali tena jaribio la kutia jeni ubongoni ambalo uthibitisho wa dawa kufika unasubiri mshiriki afe. Watu 12 wa jaribio la BDNF hawatoshi kutuambia kama inatibu. Idadi hiyo hupima usalama, na anayekuuzia habari zao kama tiba anakuibia. Na lile la mwaka 2018, wagonjwa 49 na miaka miwili ya kungoja, lisiandikwe popote kwamba NGF ilijaribiwa ikashindwa. Liandikwe kwamba NGF bado haijajaribiwa.